Mita Iliyorudi Nyuma

Sikuzani alikuwa ukumbini anasuka ukili, lakini macho yake hayakuwa kwenye ukili. Yalikuwa kwa bintiye Adila, aliyeinamia kompyuta tangu asubuhi, chai imepoa pembeni, chapati imekauka mpaka imejikunja. Sikuzani aliishia darasa la nne, na kompyuta hajui hata inapowashiwa. Uso wa mwanawe, huo anausoma bila miwani.

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Umekula nini na chapati hiyo hapo inakutazama?"

Adila akagonga kitufe, akangoja, akasonya.

Mtaani kwao Dunda kuna kisima cha jumuiya chenye walinzi wawili wa pampu: Rajabu, kaka mkubwa wa Sikuzani, na Najim, kijana aliyetoka Chalinze. Wanapokezana wiki kwa wiki. Aliye zamu husoma mita ya maji mara tatu kwa siku, alfajiri, alasiri na baada ya isha, akaandika kwenye daftari. Adila ndiye aliyepewa na kamati kazi ya kuingiza madaftari yale kwenye hifadhidata ya kompyuta, ijulikane kila siku yametoka maji kiasi gani. Basi kompyuta ikasema kwamba katika wiki za Rajabu, mita inarudi nyuma.

Mita ya maji hairudi nyuma. Kamati ikaona Rajabu analala, kisha anabuni namba. Jana, Ijumaa, walimtaka aache funguo. Leo baada ya sala ya alasiri wanakaa kuamua kama ndiyo basi tena. Miaka kumi na tisa mtu yupo pale, na anayemwondoa ni mtoto wa dada yake, mtoto ambaye Rajabu mwenyewe alimbeba mgongoni.

"Hebu nieleze," Sikuzani akasema. "Polepole, kama unamweleza mjinga."

Adila akavuta pumzi. "Kompyuta ina njia zake za kujumlisha na kutafuta wastani. Ya kusoma mita haina, nikatunga fomula yangu. Inapita mstari mmoja mmoja. Inakumbuka namba iliyotangulia, inaitoa kwenye inayofuata, tofauti inaitia kapuni. Mistari ya siku ile ikiisha, inatoa kilichomo kapuni."

"Na kapu linaanza na nini?"

"Ndipo nilipokosea mwanzo! Nililianza bila kitu chochote, hata sifuri haimo. Ukijumlisha namba na kitu kisichokuwepo, na jibu nalo halipo. Siku zote zikatoka tupu. Nikaweka sifuri. Kumbe mistari nayo inaingia ovyo, ya alasiri kabla ya alfajiri. Nikaipanga kwa tarehe na saa. Sasa za Najim zimenyooka. Za mjomba zinatoka hasi."

"Hasi ndiyo nini?"

"Chini ya sifuri. Kana kwamba maji yamerudi kisimani."

"Yarudi kisimani yafuate nini?"

"Ndiyo nakwambia, mama! Fomula ni moja. Ingekuwa mbovu ingeharibu na za Najim." Akashusha sauti. "Labda mjomba amechoka. Umri nao."

Sikuzani akatupa ukili chini. "Usinizeeshee kaka yangu mimi! Lete hilo daftari."

Akalifungua magotini, akapitisha kidole chini ya maneno, anasoma kwa sauti kama alivyofundishwa. "Usiku wa Ijumaa. Saa tatu. Elfu nne mia moja kumi na nane." Akashuka mstari. "Ijumaa alfajiri. Elfu nne mia moja ishirini na moja." Akasimama. Akarudi juu. "Mbona zinakwenda mbele?"

"Hapo zinaonekana hivyo kwa sababu mjomba anaandika usiku juu, alfajiri chini. Mpangilio wake wa ajabu. Nikizipanga kwa saa, usiku unakwenda mwisho wa Ijumaa."

"Mwisho wa Ijumaa upi?"

"Mama, Ijumaa ni Ijumaa."

"Adila. Yasini ya usiku wa Ijumaa sisi tunaisoma lini?"

"Si Alhamisi, baada ya magha..."

Adila akalivuta daftari karibu.

"Ehe," Sikuzani akasema. "Kaka yangu siku yake inaingia jua likizama, kama ya baba yake. Huyo Najim anaandikaje?"

Adila akafunua daftari la pili. "Alhamisi usiku." Akajipiga paji la uso. "Siku nne, mama! Siku nne nabomoa fomula naijenga, fomula haina ugonjwa! Mimi ndiye niliyeuchukua usiku wa mjomba nikautupa kesho yake! Na Yasini nakwenda kila wiki!"

"Punguza kelele, urekebishe. Adhana hiyo inakuja."

Akaurudisha kila usiku wa Rajabu siku moja nyuma, akagonga kitufe. Hakuna hasi hata moja. Sikuzani hakufurahi bado. Alikuwa anatafuta mtandio.

Walimkuta Rajabu nje ya chumba cha pampu, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nasikia nimeyarudisha maji kisimani. Si kazi ndogo kwa mtu wa rika langu."

"Mjomba, nisamehe. Nilikosea mimi."

"Hiyo mashine yako haikupita chuoni kwa maalimu?"

Ndani, Adila alieleza mbele ya kamati yote, hakumsingizia mtu. Mwenyekiti, Mzee Nasor, alilitazama daftari muda mrefu. Naye ni mtu wa Yasini. Akatoa funguo mfukoni, akatoka nazo mwenyewe, akamwekea Rajabu mkononi bila kumtazama usoni.

"Ila mjomba," Adila akasema, "kuanzia leo uandike kama Najim."

"Najim ndiye aandike kama mimi. Nimemkuta hapa?"

"Mjomba!"

"Haya, haya. Nimesikia."

Sikuzani alimjua kaka yake, kusikia amesikia. Jumapili asubuhi akasimama nyuma ya Adila, wakafungua daftari pamoja. Mwandiko ulikuwa uleule wa kulala kulia: Usiku wa Jumapili, saa tatu. Na pembeni, kwa herufi ndogo ndogo: jana Jumamosi hiyo, iambieni mashine.

Adila akalaza kichwa juu ya meza.

"Kula kwanza," mama yake akamwambia, akamsogezea chapati.