Fundi wa Lenzi na Rangi ya Kucha

Fundi wa lenzi wa Shubra, Kairo, hana imani na mashine za kupimia. Husimamisha dhumna za mkahawani mshazari juu ya meza, huilenga kamera kwenye ile ya katikati, hupiga, kisha hutazama ni ipi iliyoonekana vizuri zaidi. Na kabla hajagusa skrubu ya lenzi, huweka alama mahali ilipo kwa rangi nyekundu ya kucha aliyomwibia mkewe, huku akicheka chinichini.

Wagdi, mpiga picha za harusi, alimpelekea lenzi iliyokuwa ikiyanasa vizuri masikio ya bibi harusi na kuyaacha macho kwenye ukungu. Fundi akakaza, akalegeza, mpaka dhumna ya katikati ikahesabika vidoa. Wiki haikuisha, Wagdi huyo mlangoni, lenzi mkononi, anatweta.

“Umeniponza, fundi! Mama wa bibi harusi kaziona kunyanzi zake zote. Kaapa Shubra nzima haitaniita tena!”

“Na macho ya binti?”

“Safi kabisa. Nani aliyeyatazama?”

Fundi akamalizia chai yake, akairudisha skrubu taratibu mpaka kwenye alama nyekundu.

“Wapiga picha za harusi,” akasema, “hurudi wote.”