Kipimo cha Bi Kete

Mama yetu akiulizwa binti yake mkubwa anafanya kazi gani, hujibu kwamba yupo tu nyumbani, anajishughulisha. Kusema kwamba anatunga michezo ya mezani, ile ya kadi na kete na dadu, kunamshinda. Anaona haya, kama vile anaambiwa aseme mwanawe kazi yake ni kulala. Mimi mdogo mtu nauza dawa, na kwa mama hiyo ndiyo kazi, kwa sababu nina koti jeupe.

Basi ngoja niwaeleze huyo anayejishughulisha anavyoshinda. Asubuhi mumewe akishatoka, dada huondoa vyombo mezani, akafuta meza mpaka ikauke, kisha akatandaza kadibodi. Hukata kwa kisu na rula ya chuma, na kidole gumba cha mkono wake wa kushoto kimejaa makovu. Kete zake ni vifungo vya mashati na vizibo vya chupa alivyovipaka rangi mwenyewe. Kadi anaziandika kwa penseli, maana anajua nyingi atazifuta. Akimaliza huanza kucheza peke yake kama watu wanne, anahama kiti hadi kiti, na kila kiti anakipa tabia: huyu mchoyo, huyu mwoga, huyu wa kulipiza kisasi. Siku moja niliingia nikamkuta anakisonya kiti cha dirishani. Hapakuwa na mtu. Mtaani wanamwita Bi Kete, naye anaitika.

Lakini kinyozi hajinyoi. Mtunzi hawezi kujua kama mchezo wake unaeleweka, kwa kuwa yeye anaujua tayari. Lazima ampe mtu mwingine karatasi ya kanuni, amwache acheze, na yeye anyamaze. Mchezaji akikwama, haruhusiwi kumsaidia hata kwa kukonyeza, kwa sababu mchezo ukishafika dukani mtunzi hatakuwemo ndani ya boksi. Kazi yake hapo ni kuangalia: mkono uliosita, jicho lililorudi kwenye karatasi, mdomo uliotaka kucheka ukaghairi. Nimewahi kuangaliwa na dada namna hiyo. Nawaambia, hata daktari hakuangalii hivyo.

Mtu wake wa kujaribia alikuwa mumewe. Shemeji yangu ni kinyozi hasa, wa saluni, jina lake la mtaani ni Wembe, ana mikono myepesi na maneno machache. Tangu waoane, kila jioni baada ya kula aliwekewa kete mbele yake. Dada alikuwa na msemo wake: Wembe akielewa, dunia nzima itaelewa. Alikuwa akiusema mbele yake, mbele ya wageni, na shemeji alicheka tu. Mimi ningenuna mwezi mzima.

Mwaka jana alianza mchezo wa mfereji, ambao kwangu mimi ndio mzuri kuliko yote aliyowahi kutunga. Wachezaji ni wakulima wenye mashamba kando ya mfereji mmoja wa maji. Wa juu ananywesha kwanza, wa chini anapata kinachobaki. Ila kulikuwa na kanuni ya kupisha: ukitaka, unafunga lango lako na kumwachia jirani maji ya zamu yako. Zamu inayofuata akikurudishia fadhila, mnavuna maradufu nyote wawili. Akikunyima, umekwisha. Hapo ndipo ilipokuwa roho ya mchezo wote, maana ilibidi umtazame mwenzako usoni na kujiuliza huyu ni mtu wa namna gani.

Na safari hii dada hakuwa na nafasi ya kukosea. Mchapishaji alikuwa amekwisha kumrudishia michezo miwili, akamwambia alete wa tatu mwisho wa mwezi, na kama nao ni wa kurudishwa, basi asijisumbue tena.

Shemeji akakwama kwenye kupisha. Nikimpisha, maji ni yake au bado ni yangu? Aliuliza jioni ya kwanza, akauliza na ya pili. Dada akaiandika kanuni upya, akaiandika tena kwa maneno ya mtoto wa chekechea, akachora na mishale. Shemeji akakuna kichwa. Dada angebishana na mimi, angebishana na mchapishaji, lakini na kipimo chake habishani. Kama Wembe haelewi, dunia haitaelewa. Akaitoa kanuni ya kupisha. Nilikuwepo siku anazikusanya zile kadi na kuzifunga kwa mpira, na machozi yalimlenga.

Baada ya hapo nilimletea wenzangu wanne wa kazini waujaribu mchezo uliobaki. Walicheza kwa adabu. Mmoja akawa anachungulia simu chini ya meza. Mwishoni wakasema ni mzuri, kwa sauti ile ile mtu anayosifia chakula huku akisukuma sahani. Dada alinifuata jikoni akaniambia kwamba sasa ni mchezo wa kujaza ndoo: kila mtu anakinga maji yake na kwenda zake. Alikuwa amesema kweli.

Jumamosi iliyofuata nilipita kwao nikamkuta shemeji peke yake, umeme wa saluni umekatika, dada amekwenda kununua kadibodi. Kukaa kimya na mtu kunanishinda. Nikazishusha kutoka kabatini zile kadi zilizofungwa kwa mpira, nikazirudisha mchezoni, nikamwambia tucheze. Nilidhani nitamfundisha.

Akachukua kete nyekundu. Zamu ya pili akanipisha, nikamrudishia, tukavuna wote. Akanipisha tena kwa uso mtulivu wa mtu anayesubiri chai, nami nikamrudishia kwa moyo mweupe. Mara ya tatu nikampisha mimi, nimemwamini kama ndugu wa damu, naye akafungua lango lake, akanywa maji yote, akaniacha na mashamba makavu. Halafu akacheka mpaka akashika meza. Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akicheka hivyo.

"Shemeji," nikamwambia, "kumbe unaelewa."

Kicheko kikakatika. Akaanza kukusanya kete haraka haraka, lakini dada alikuwa amesimama mlangoni na kadibodi zake kwapani. Akaja, akauzuia mkono wa mumewe, akainama juu ya ubao. Ubao uliochezwa, kwa dada, ni kama nyayo kwenye udongo mbichi: anajua nani alipita na alikuwa na haraka gani.

"Nyekundu za nani?" akauliza.

Hakungoja jibu. Dada akatembeza kidole kando ya mfereji, lango kwa lango. Akasema huyu wa nyekundu alipisha mara mbili kwa makusudi, akajenga imani, ndipo akaibomoa. Akasema huyu anaijua kanuni kuliko yeye aliyeitunga. Kisha hasira ikampanda, na ilikuwa haki yake. Alimwambia mumewe kwamba amemfanya aung'oe mchezo moyo kwa mikono yake mwenyewe, kwamba kama alichoka kujaribu angesema, kwamba adui hakufikii pabaya kama mtu wa nyumbani. Shemeji alisikiliza yote ameangalia chini.

"Uliniambia siku nikianza kuelewa upesi utatafuta mtu mwingine," akasema hatimaye. "Uliniambia kipimo kinachakaa. Basi nikaacha kuelewa."

"Kwani unaipenda hii michezo kiasi hicho?"

"Siipendi hata kidogo."

Dada akainua macho kutoka kwenye ubao.

"Kutwa nzima nasimama nyuma ya watu wanaojiangalia kwenye kioo," shemeji akasema. "Nikirudi unanipakulia huku unawaza kadi zako. Sikulaumu, ndiyo kazi yako. Lakini nikishika kete, unaniangalia. Hata nikipumua unajua. Ni hapo tu."

Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayeeleza mahali alipoweka ufunguo, na ndiyo maana iliniuma.

Mchezo ulirudishiwa kanuni yake, wakapatikana watu wengine wa kuujaribu, na mchapishaji akauchukua baada ya kunung'unika kuhusu rangi. Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile dada aliegemeza kadibodi ukutani, akamwambia shemeji kwamba hatamjaribia tena mchezo hata mmoja. Shemeji akaitikia kwa kichwa na kuanza kuinuka.

"Kaa," dada akamwambia.

Akakumba kadi, kete na ubao, akavitia vyote kwenye boksi, akaliweka boksi sakafuni. Akavuta kiti, akaketi kumkabili mumewe, meza tupu kati yao. Akamuuliza kazini kulikuwaje. Shemeji akasema umeme ulikatika, akanyamaza, mikono yake ikitafuta kitu cha kushika. Dada hakuondoa macho. Ndipo shemeji akasema kwamba asubuhi kabla ya umeme kukatika, mzee mmoja alisinzia kwenye kiti katikati ya kunyolewa, na yeye hakutaka kumwamsha, akasimama tu na mkasi mkononi, watu kwenye foleni wakimnung'unikia.

"Kwa nini hukutaka kumwamsha?" dada akauliza.

Shemeji akafikiri. Akaanza kueleza, na maneno yakawa mengi kuliko nilivyowahi kuyasikia kwake kwa siku nzima. Nikachukua mkoba wangu, nikapita katikati ya chumba, nikatoka. Hakuna aliyeniona.