Hakuniambia Niwashe Feni

Admin, jina langu lifiche, ila maneno yangu usiyapunguze. Nina miaka thelathini na tisa, mzaliwa wa Kigoma, mke wa mtu na mama wa watoto wawili. Nafanya kazi za ndani hapa Johannesburg kwa familia moja ya Kiyahudi, huu mwaka wa saba. Sijaja kulia hapa. Nimekuja kwa sababu nimekasirika.

Kwanza mjue jambo moja. Kuanzia Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi jioni, hiyo ndiyo Sabato yao, hawagusi swichi ya umeme. Wala mimi nisiye wa dini yao hawatakiwi kuniamuru niwawashie. Basi husema kwa kuzunguka, bila kuamuru. Bibi, yaani mama yake Madam mwajiri wangu, akisema, "Macho yangu leo hayaoni," nawasha taa. Akisema, "Eish, leo kuna joto," nawasha feni. Mwenye macho haambiwi tazama. Miaka yote hiyo sijakosea, na Bibi mwenyewe hunisifu kwa wageni kwamba nina masikio mazuri.

Sasa ilikuwa Hanuka, sikukuu yao ya siku nane. Kila jioni wanaongeza mshumaa mmoja kwenye kinara, na kinara kinakaa dirishani ili wapita njia waone. Nilimwambia Madam mapema, "Hilo pazia liko karibu mno." Akacheka. "Tunaweka hapo tangu nikiwa mtoto." Nikanyamaza, na kosa ninalolikubali ni hilo tu.

Ijumaa ile waliwasha mishumaa kabla jua halijazama, Madam na mumewe wakaenda sinagogi. Nikabaki na Bibi sebuleni. Mchana kutwa tulikuwa tumekaanga maandazi ya jamu, nyumba inafukuta. Bibi akajipepea na gazeti, akaniangalia, akasema, "Eish, leo kuna joto."

Nikawasha feni. Pazia likainuka kuelekea kwenye mishumaa, na kabla sijageuka moto ulikuwa umeshapanda. Nikamtoa Bibi mpaka mlangoni, nikarudi, nikalivuta pazia lote chini na kulifunika kwa taulo mbichi za jikoni. Kinara kikaanguka, mishumaa yote ikazimika. Mkono wangu wa kulia una malengelenge hadi leo.

Waliporudi nilidhani kesi itakuwa kuzima mishumaa siku ya Sabato. Wapi! Mume wa Madam alisema uhai unatangulia mshumaa, akanishukuru. Kesi ikawa feni. Madam akauliza, "Nani aliiwasha?" Bibi akatazama sakafu.

"Mimi sikumwambia awashe."

Na ni kweli, jamani! Hakuniambia. Hajawahi kuniambia hata siku moja.

Jumapili Madam akaniletea barua ya onyo la mwisho. Anataka niweke saini kwamba niliwasha feni kwa kujiamulia mwenyewe, kwa uzembe. Nikisaini, kosa dogo lijalo nafukuzwa. Nisiposaini, Jumatatu hii nifungashe virago. Mume wangu, Mkongo wa Uvira, mlinzi huko Doornfontein, ananiambia, "Weka sinyatire tu, mama Neema. Biki haichomake muntu." Yaani nitie saini tu, kalamu haimuunguzi mtu. Simlaumu, anawaza watoto. Lakini nilimjibu kwamba mkono umeshaungua, jina langu siliunguzi kwa mkono huohuo.

Jana ilikuwa Ijumaa tena. Tukabaki wawili sebuleni, mimi na Bibi, pazia jipya limetundikwa palepale. Akajipepea na gazeti, akaniangalia, akasema, "Eish, leo kuna joto."

Nikasimama nilipo, nikamjibu kwa heshima zote, "Ndiyo, Bibi. Kuna joto."

Akasubiri. Nami nikasubiri. Jasho lilimtiririka shingoni, na roho iliniuma, Mungu anisamehe, kwa sababu nampenda yule mama. Lakini swichi sikuigusa.

Ndugu zangu, keshokutwa ndiyo Jumatatu. Barua iko kwenye mkoba wangu, haina saini. Nishaurini: niandike jina langu nibaki na kazi, au nimrudishie Madam ilivyo na niondoke kichwa juu? Ila wewe utakayeniambia nisaini, nijibu kwanza swali moja: jana nilijifanya sikuelewa chochote, na feni haikuwaka. Sasa ile Ijumaa ya moto, feni iliwashwa na nani?