Chombo cha anga kwenye ungo wa kahawa

Mama ametupa injini za chombo changu cha anga kwa kuku.

Ni kile cha kuchezea, cha kuunga vipande. Nimekinunua Tunduma, na ndevu zangu hizi.

Nikamwaga vipande kwenye ungo, nikaenda kuchota maji.

Kurudi, namkuta anachambua. Vyeusi vyote, injini zikiwemo, katupa uani.

"Mama, unafanya nini?"

"Si kahawa mbovu hizi?"

Kijijini Ihanda hapa tunalima kahawa; ungo ukikaa wazi mikono yake haiulizi, inachambua tu.

Tukapiga magoti uani, tukagombania vipande na kuku. Nikakiunga chombo hadi kikapungua kipande kimoja; hicho cha mwisho kakiona yeye, akakibandika mwenyewe, kikakaa sawasawa. Aisee, chombo kimependeza!

Jirani kaingia: "Nani kaunda hiki?"

Mama: "Mimi."

Nimesimama palepale, magoti yana vumbi. Jamani, nidai ni kazi yangu au ninyamaze?