Nta Kwenye Mlango wa Gari

Jumamosi nilishtuka, na mpaka leo sijatulia. Jirani yangu hapa Mpanda ana gari kuukuu, mlango umeliwa na kutu ukabaki matundu matupu. Binti yake alikuwa anaolewa, akataka gari lipendeze. Akakwangua kutu uani kwake, akaziba matundu kwa nta ya nyuki, akapaka rangi nyeusi. Likang'aa! Likashinda juani wiki nzima, nta ikayeyuka, kitundu kimoja kikafunguka bila mtu kujua.

Siku ya harusi, binti akashika mlango, akarudisha mkono.

"Baba, mlango unanguruma!"

"Hiyo ni injini."

"Injini hujaiwasha!"

Baba akaufungua kwa kishindo. Nyuki wakamwagika kama maji. Shela ikabaki chini, sisi wageni tukaruka ua wa matete. Aliyebaki amesimama ni baba wa bwana harusi, mrina asali wa Kikonongo, mkono mdomoni.

"Mkwe," akasema, "sisi mzinga mpya tunaupaka nta hivyohivyo, ndiyo nyuki waje. Wewe umewawekea na rangi?"

Bibi harusi alikwenda kwa baiskeli. Jirani anaapa kwamba kutu imekoma. Hatubishani naye, nani atasogea kuangalia?