Blanketi Mbili

Wakati wa Mwingereza nilikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja, Arusha mjini, na nilikuwa mnene. Sisemi nilijaliwa mwili. Nilikuwa mnene hasa, mtu wa viti viwili. Watu waliniita bwana mkubwa wakidhani nina mali. Mali yangu ilikuwa chumba kimoja Ngarenaro na magoti yaliyouma. Kwetu Tabora nilikuwa nimeondoka zamani, mke sikuwa naye, na siku nyingine ilipita nzima sijaongea na mtu ila kumwambia anyooshe mikono nimpime.

Muuza ndizi mmoja ndiye aliyenielekeza kwa bibi wa Kimeru aliyefukiza wagonjwa huko juu, migombani. Nikapanda Jumapili, nikipumzika kila hatua chache. Bibi aliponiona alicheka mpaka akakaa chini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Blanketi yangu haikutoshi wewe. Nenda ukashone yako."

Nilichukia, nusura nisirudi. Lakini Jumapili iliyofuata nilirudi na blanketi mbili nilizoziunganisha kwa mshono wa kurudia, mvuke usipate pa kutokea. Alinikalisha kwenye kigoda, chungu cha majani ya mkaratusi na mchaichai kikifuka mbele ya magoti yangu, akanifunika gubigubi. Giza, joto, jasho likanichuruzika hadi kwenye nyayo. Yeye alikaa nje, na kazi yake ilikuwa kuuliza. Anayefukizwa anaweza kuzimia mle ndani asijulikane, kwa hiyo haachwi kimya.

"Upo?"

"Nipo."

Baada ya kitambo, tena: "Upo?" Katikati alinipigia soga: ng'ombe wake, mvua ya mlimani, mchungaji wa kanisa lao anayeimbia puani. Mara nyingine aliuliza nimekula nini, na nani amenipikia. Tangu nifike mji ule hakuna aliyewahi kuniuliza hayo. Nililia mle ndani, na jasho likanistiri.

Mwenye duka alikuwa na mizani ya kupimia magunia ya kahawa. Kila Jumatatu alinipandisha, wapagazi wakicheka. Sikupungua kitu, jasho lote nililirudisha kwa maji na uji siku ile ile. Sikujali. Magoti yalilainika, usingizi ukawa mtamu, na wiki nzima niliingoja Jumapili.

Siku moja nilimkuta bibi na majirani wawili. Mmoja akanitania, "Huyu kila wiki yupo! Ugonjwa gani huu usioisha? Au anakuchumbia, bibi?"

Wakacheka. Nami kwa haya nikajitia uanaume. "Mimi? Nimepona kabisa. Nimekuja kuaga tu."

Bibi alinitazama. Niliomba moyoni anikatalie. Lakini kwake neno hilo halikuwa la mchezo: aliyetamka amepona hafukizwi tena, maana kumfunika ni kuuita ugonjwa urudi. Akapiga makofi, akamshukuru Mungu, akanipa chane ya ndizi na blanketi zangu zikiwa zimekunjwa vizuri.

"Nenda salama, mjukuu wangu. Usirudi."

Ndivyo alivyowaaga wote waliopona, na alisema kwa furaha. Ningeweza kwenda kumsalimu tu. Lakini mtu mzima, na mwili ule, apande mlima kumsalimu bibi asiye wake, kwa sababu gani? Sababu nilikuwa nayo, ila niliona aibu kuitamka.

Nikanunua chungu. Jumapili moja ya baridi nikajifungia chumbani, nikachemsha majani yale yale, nikajifunika. Joto lilikuwa lile lile, na jasho lile lile. Nikangoja. Nje ya blanketi nilisikia jirani akifagia uani.

"Nipo," nikasema.

Ufagio uliendelea.