Kamera Mbili za Dada Kidevu

Mtaani walimwita Dada Kidevu, kwa sababu kila aliyekaa kwenye stuli yake apigwe picha ya pasipoti aliambiwa neno lilelile: "Kidevu juu kidogo." Alishapandisha videvu vya maharusi, vya walimu, vya watoto wanaolilia pipi. Cha mama yake hakuwahi. Mganga hajigangi, na mama mwenyewe alikuwa mjanja. Ukimwelekezea kamera anajikinga uso kwa mfuniko wa sufuria. "Piga wanaolipa, mwanangu. Mimi sura yangu unaijua."

Halafu mama akaugua, ugonjwa ule wa kumla mtu kidogo kidogo, na siku moja akasema mwenyewe: "Nipige sasa, kabla sura haijanihama."

Kitindamimba wake alikuwa kazini nchi ya mbali, ruhusa hajapewa. Alilia kwenye simu mpaka dada yake akamkatiza. "Usilie. Nitampiga picha. Ukija utamwona."

Kazi ikawa kamera gani. Ile yake ya siku zote ilikuwa ya bei poa, nyepesi kama kopo tupu, ngozi yake imeshikizwa kwa gundi. Ilikuwa kamera ya dirisha: huchungulii kupitia lenzi, unachungulia kidirisha cha pembeni. Humo unamwona mtu wako yuko wawili, unazungusha pete mpaka wale wawili wawe mmoja, ndipo picha inatulia. Lakini kidirisha chake kilishafifia. Wale wawili alikuwa anawakisia tu. Na kwa muuza kamera kuukuu alikuwepo ndugu tajiri wa kamera ile: chuma kizito, kidirisha cheupe kama asubuhi, na ukibonyeza inalia taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

"Hiyo si ya pasipoti," muuza kamera akamtania. "Hiyo ukimpiga mbuzi anatoka bwana harusi!"

"Nampiga mama yangu."

Muuza akaacha utani. Akaifuta lenzi, akaivisha kifuniko chake cheusi, akamkabidhi kwa mikono miwili. Dada Kidevu aliuza friji na taa za studio ili aipate.

Mama alijitanda mtandio wa bluu, akaketi kitandani karibu na dirisha. Alipoiona kamera akacheka. "Kipya kinyemi ingawa kidonda. Ile yako iko wapi? Mwenzio nimeizoea ile."

"Mama, leo unastahili iliyo bora."

"Haya. Humo niko wawili?"

"Wawili. Nakuunganisha."

"Usiniunganishe sana. Mmoja aende zake, mmoja abaki na nyinyi."

Dada Kidevu akacheka huku machozi yanamtiririka. Akapiga. Akapiga tena na tena, mama anacheka, mama anatazama nje, mama anamtazama yeye, mpaka mkanda wa filamu ukaisha.

Kitindamimba alifika kaburi limeshafukiwa. Hata begi hakulitua. "Dada, nionyeshe."

Alikuwa bado hajausafisha ule mkanda. Mkono ulikuwa hauendi. Sasa akajifungia bafuni, akaziba mwanga kwa taulo chini ya mlango, akaandaa dawa zake.

"Anaonekana?" mdogo wake akauliza kutoka nje.

"Subiri."

"Anacheka?"

"Alicheka sana."

Akawasha taa, akauinua mkanda. Mweupe. Mweupe mwanzo hadi mwisho, kama maji. Si dawa iliyokufa, maana namba za kiwandani, zinazotolewa na dawa hiyohiyo, zilikuwa zimetoka vizuri pembeni. Akaenda kwenye mkoba, akaitoa kamera. Lenzi ilikuwa imevaa kifuniko chake.

Ile ya bei poa ilishapoteza kifuniko chake miaka mingi iliyopita, na mkono wa Dada Kidevu haukuwa tena na mazoea ya kuvua kitu. Na kidirisha hakikuambii. Kinakuonyesha mtu wako waziwazi hata kama lenzi imefumba jicho.

"Nilisahau kukivua," akasema.

"Kuvua nini?"

Akamwonyesha. Kijana akageuza kile kifuniko kiganjani. "Lakini si ulikuwa unamwona?"

"Nilikuwa namwona. Sijawahi kumwona vile maisha yangu yote."

Alisubiri matusi. Aliyataka. Lakini mdogo wake aliuchukua mkanda bado unachuruzika, akasogea nao dirishani, akaanza kuutazama kipande kwa kipande, anafumba jicho moja, anafungua.

"Hapa kuna kitu, dada. Hapa. Kama kivuli."

Lilikuwa tone la maji, linashuka. Dada Kidevu aliliona, asimwambie. Akainama, akamshikia ile ncha nyingine ya mkanda isiguse sakafu.